Kura ya Vidonge

Syombua hakuwa mtu wa kupendwa, na hakuna haja ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ploti nzima pale Gatina, Kawangware, ilimjua kwa mdomo kabla ya kumjua kwa sura. Ukianika nguo kwenye kamba yake, utaambiwa. Ukimwaga maji ya kufulia karibu na mlango wake, utaambiwa, na mama yako aliyekuzaa naye ataambiwa huko huko aliko. Alikuwa mwanamke mnene, Mkamba wa Kitui, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na alikuwa na presha.

Presha yenyewe haikumshangaza. Alisema ni watu wa Nairobi waliompa. Alikuja mjini akiwa msichana, akafanya kazi ya nyumba Lavington kwa mama mmoja aliyekuwa akifunga sukari kabatini na kutembea na ufunguo. Mwishowe alifukuzwa kwa sababu ya kijiko kilichopotea. Kijiko kilipatikana baadaye chini ya kochi, lakini hakuna aliyemwita kumwomba radhi. Tangu hapo aliamini jambo moja tu, kwamba kitu kisichopimwa mbele ya macho yako umekwisha kuibiwa. Alipoanza kuuza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na ndengu pale stendi ya 56, alipima kwa kopo la gorogoro akijaza mpaka nafaka zikamwagika pembeni. "Angalia hapa," alimwambia mteja. "Wacha kuangalia watu, angalia mkono yangu." Wateja walimwogopa, lakini walirudi.

Kitu kimoja tu kilimtisha Syombua. Mama yake alikuwa ameanguka shambani na jembe mkononi, akaamka na upande mmoja wa mwili umekufa. Alikaa hivyo miaka, akilishwa uji na kugeuzwa kama mtoto, mdomo umeenda kando, machozi yakimtoka bila sababu. Syombua ndiye aliyemgeuza. Kwa hiyo watu walipopita Gatina wakisema kuna kliniki nyuma ya kanisa inayotafuta watu wenye presha, alifunga kibanda na kwenda, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya mazishi ya jirani.

Kliniki hiyo ilikuwa ya Daktari Nabalayo. Huyu hakuwa daktari wa kukuandikia dawa na kusema "anayefuata". Alikuwa mwanasayansi, mwembamba, mkavu wa maneno, aliyekaa miaka mingi maabara na panya kabla ya kuja kukaa na watu, na wapo waliosema ilionekana. Alikuwa akifuatilia jambo moja. Dawa nyingi za presha hulegeza mishipa ya damu na kazi yake huishia hapo. Lakini moja kati yake ilionekana kufanya jambo la ziada. Iliingia hadi ndani ya seli za mwili na kugusa kipokezi fulani, na kipokezi hicho ndicho kinachoamua sukari na mafuta vipelekwe wapi. Panya walioipata walipungua tumbo na sukari yao ikatulia. Daktari alitaka kujua kama ingewasaidia pia watu wenye presha na sukari inayoanza kupanda, au kama yale yalikuwa mambo ya panya tu. Alifungua kituo kimoja Kibera na kingine Kawangware.

Kazi ya kuwaeleza watu haya yote ilipewa Nashon, kijana mwenye ulimi mtamu aliyekuwa ameuza vyombo vya plastiki mitaani na kwa hiyo aliweza kueleza kitu chochote.

"Kipokezi ni kama keateka wa ploti," aliwaambia siku ya mkutano, mwezi wa Oktoba, mwaka wa 2007. "Landilodi haji hapa. Anatuma neno kwa keateka. Keateka akiambiwa fungua maji, anafungua. Akiambiwa funga, anafunga. Sasa hii dawa inaenda kuongea na keateka wa sukari."

"Na huyo keateka ni kabila gani?" Syombua akauliza kutoka nyuma.

Watu walicheka mpaka benchi zikatikisika. Oktoba swali la namna hiyo bado lilikuwa mzaha.

Halafu Nashon akafika kwenye jambo gumu. Nusu ya watu wangepewa dawa inayogusa kipokezi. Nusu wangepewa dawa ya presha ya kawaida, ile ya siku zote. Vidonge vyote vilikuwa vyeupe, chupa zote zilifanana, na kila chupa ilikuwa na namba. Daktari hakujua nani anameza nini, wala muuguzi, wala Nashon. Aliyejua ni mfamasia mmoja tu aliyekaa ofisi ya mjini. Daktari alikuwa na neno lake refu la Kizungu la mgawanyo huo. Nashon alikuwa amelitafutia neno la Kiswahili, akalipata, na akajivunia.

"Mtagawanywa kwa kura," alisema.

Hakuna aliyepinga. Mji mzima ulikuwa ukiongea habari za kura za uchaguzi wa Desemba. Wanawake wa chama cha kuchangiana pesa walielewa hata zaidi, maana zamu za chama chao hupangwa kwa kura. Karatasi hukunjwa, hutiwa kwenye karai, na kila mtu huokota yake wengine wakimtazama vidole.

"Basi leta karai tuokote," alisema Nereah.

Nereah, Mjaluo, aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale 56, hatua chache kutoka kwa Syombua, na nyumbani waligawana ukuta mmoja wa mabati. Hawakuwa marafiki. Waliazimana chumvi, wakasutana, wakaazimana tena. Kliniki walikwenda pamoja na kugombana njia nzima.

"Hii haiokotwi, Mama Marvin," Nashon akamjibu. "Kompyuta imeshapiga."

"Imepigia wapi?" Syombua akauliza.

"Huko mjini."

"Nani alikuwa anaangalia?"

Nashon alicheka kidogo, akaendelea na mengine. Syombua alipokea chupa yake, akaitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza yai, akaitia kwenye kiondo. Alikuwa ameikubali, lakini moyo wake haukuikubali.

Walimeza vidonge Novemba na Desemba. Walipopimwa kabla ya Krismasi, sukari ya Nereah ilikuwa imeshuka na sketi yake imeanza kumzunguka kiunoni. Presha ya Syombua ilikuwa imeshuka vizuri, muuguzi akampongeza, lakini sukari yake ilikuwa pale pale na tumbo lake pale pale. Akamtazama Nereah akijifunga sketi kwa pini, na kijicho kikamwingia wazi wazi. Aliona uchungu kama mtu aliyepunjwa sokoni.

Kisha uchaguzi ukaja, na matokeo, na moto.

Yaliyotokea Kawangware kila mtu aliyekuwepo anayo ya kwake, na aliyekuwa Kibera ana makubwa zaidi. Kituo cha Kibera kilivunjwa. Friji iliyokuwa na sampuli za damu za watu ilibebwa ikiwa na damu ndani, na mpaka leo haijulikani aliyeibeba alifikiri amepata nini. Kliniki ya Kawangware ilifungwa. Watu walibaki na vidonge walivyokuwa navyo.

Syombua alikuwa amepanga foleni kama wengine kumpigia kura mtu wao wa Ukambani, na mtu wao akawa wa tatu. Yeye pia alijiona ameibiwa. Alipiga kelele pamoja na Nereah pale bombani, siku hizo za kwanza, wakalaani pamoja, na kwa muda mfupi wakapatana kuliko walivyowahi kupatana. Halafu wiki ya pili ya Januari huyo mtu wao akateuliwa makamu na rais yule yule aliyelaumiwa kuiba kura. Habari zilitoka redioni mchana, na kufikia jioni hakuna mtu katika ploti aliyeitikia salamu ya Syombua. Asubuhi alikuta maji machafu yamemwagwa mlangoni pake. Pale kona ya kwenda 56 vijana walimzuia.

"Mathe, nyinyi watu mmetuuza."

"Mimi nimeuza muthokoi tu," Syombua akasema. "Nyingine sijui."

Hawakucheka. Mmoja alipiga teke gunia la ndengu, likapasuka, wakaondoka wakizikanyaga.

Ugomvi wenyewe ulilipukia bombani. Nereah alikuwa anajaza mtungi, akasema bila kumtazama, "Wengine hawana shida. Serikali ni yao. Hata huko kliniki ndio wanapewa ile ya ukweli."

Syombua akamgeukia. "Mimi ndiyo napewa? Mimi? Angalia kiuno yako na uangalie yangu! Kama kuna mtu amepewa hapa ni wewe!"

"Kura nayo tuliambiwa tumeshindwa."

"Hii sumu yenu mnaniwekea mimi!" Syombua aliingia ndani, akatoka na chupa, akaenda moja kwa moja chooni mlango ukiwa wazi, na wanawake wote wa bombani wakamwona akiimimina. "Siwezi kumeza chokaa ya mtu. Nimekataa!"

Alirudi nyumbani akiwa ameshinda ugomvi. Raha ya ushindi huo ilikwisha upesi. Kichwa kilianza kumuuma kisogoni, kisha macho yakaanza kuona vimulimuli. Alipoinama kuokota gorogoro, kibanda kilizunguka. Kila asubuhi alijitazama kwenye kioo kama mdomo umeenda kando. Aliogopa kufa, lakini alichokiogopa zaidi ni kulishwa uji. Akataka dawa, na akaitaka ile ya ukweli, iliyopimwa mbele ya macho yake. Hakutaka kitu kingine duniani.

Mwisho wa Januari kliniki ilifunguliwa. Watu wa Kibera, kwa kuwa kituo chao hakikuwepo tena, waliambiwa waje Kawangware. Walikuja kwa miguu, wamechoka na wamekasirika. Mbele yao alikuwa Obiero, fundi wa milango ya chuma, mrefu, ambaye karakana yake ilikuwa imebaki majivu na ambaye sasa hakuwa na kazi ila kuongea. Syombua hakumpenda hata kidogo. Lakini alihitaji umati, na umati ulikuwa wa Obiero.

"Hiyo kura ya dawa," alimwambia pale getini, "uliona ikipigwa?"

"Sikuona."

"Mimi pia sikuona. Imepigwa na kompyuta, mjini, na hakuna mtu alikuwa ndani."

Obiero aliwageukia watu wake. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Uwanja ule mdogo nyuma ya kanisa ukajaa kelele: "Kura ihesabiwe upya! Tunataka ihesabiwe upya!" Walikuwa wamelisema hilo mitaani mwezi mzima bila kusikilizwa na mtu, na sasa wamepata mlango wa kuugonga.

Nashon alitoka kwanza, jasho likimtoka. "Jamani, si kura kama ile. Tuseme ni bahati nasibu."

"Hiyo bahati nasibu si ni kura!" mtu akamkemea. "Ni wewe ulituambia kura!"

Kisha akatoka Daktari Nabalayo. Alikuwa hajalala vizuri kwa muda mrefu, na hakuwa amekuja kubembeleza mtu.

"Mnataka nini?"

"Tunataka kujua nani alipewa ile ya ukweli," Obiero akasema. "Na kwa nini."

"Hakuna ya ukweli. Zote ni dawa za ukweli. Moja inagusa kipokezi, nyingine haigusi. Kama ile ya kipokezi inasaidia zaidi, sijui. Ningejua, nisingewasumbua."

"Wewe ndiyo daktari na hujui?"

"Sijui! Nilikuwa natafuta kujua. Nilikuwa na damu yenu kwenye friji kule Kibera ili nijue. Friji iko wapi? Mnaniuliza habari ya wizi, nyinyi?"

Umati ulinguruma. Jiwe lilipiga mabati ya kanisa. Mtu mwenye busara angerudi ndani, lakini hasira ilikuwa imempanda Daktari mpaka utosini, na alichofanya baada ya hapo kilikuwa cha hasira.

"Sawa," alisema. "Kila mtu ana haki ya kutoka kwenye utafiti. Anayetaka kujua yake, atoke, nimpigie mfamasia sasa hivi, atajua. Yake tu, si ya jirani. Na akishajua, hapa harudi. Mtu anayejua anachomeza hatanisaidia tena, na mwili wake nao unaweza kumdanganya. Ataenda zahanati ya serikali, atapewa ile ya kawaida wanapokuwa nayo. Haya. Nani anataka kujua?"

Kelele zilikatika ghafla. Watu waliokuwa wakidai haki wakaanza kutazama viatu vyao. Nereah alikaa kwenye benchi la ukutani, chupa yake ameibana chini ya leso. Hata Obiero aligundua kuna kitu cha kutazama juu ya paa.

"Mama Mumbua," hatimaye akasema, akimgeukia Syombua. "Si ni wewe ulisema?"

Macho yote yalimwangukia. Syombua angeweza kunyamaza. Lakini kunyamaza hakukuwa kazi yake, na isitoshe alikuwa na hakika. Tangu kijiko cha Lavington alijua upande wake ni upi. Alijua atasikia kwamba alipewa ya kawaida, ataonyesha watu wote kwamba yeye si mpendelewa wa mtu, na Nereah atainamisha kichwa. Yatakayofuata yatafuata.

"Mimi," akasema. "Na weka kwa spika, wote wasikie."

Daktari alipiga. Simu ililia, ikajibiwa na mwanamume mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa chakula. Daktari akasoma namba ya Syombua. Wakasikia akigeuza kitu, akikohoa.

"Huyo," sauti ikasema, "yuko kwa ile ya kipokezi."

Syombua alisikia tena kichwani yale maji ya chooni yakipokea vidonge.

"Kumbe!" Obiero akasema polepole, kisha kwa sauti. "Kumbe ni nyinyi! Serikali mmechukua, na dawa mmechukua!"

"Nyinyi gani? Mimi niko peke yangu!"

"Hawa watu! Wanakuja hapa kulia na sisi, kumbe wameshakula!"

"Niliimwaga!" Syombua akapiga kelele. "Niliimwaga yote chooni! Ulizeni Nereah, aliniona! Mama Marvin, waambie!"

Watu walimgeukia Nereah.

"Alimwaga, ndiyo," akasema. "Mtu humwaga kitu akijua ataongezewa."

Hapo umati ulimrukia. Mmoja alivuta leso yake, mwingine kiondo, na ngumi ya mtu asiyemjua ikampata begani. Nashon na mlinzi wa kanisa walimkokota hadi ndani na kufunga mlango. Muuguzi alimpima presha, akatazama, akapima tena, kisha akamwita Daktari bila kumwambia Syombua kitu.

"Uliacha dawa lini?" Daktari akauliza.

"Nirudishie," Syombua akasema. "Ile ile. Sitasema tena kitu."

"Siwezi."

"Daktari, mama yangu alianguka. Nilimlisha na kijiko. Tafadhali." Neno hilo la mwisho wengi wa Gatina wangeapa hakulijua.

Daktari alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ilionekana hasira imemtoka na kumwacha mtupu. "Sikupaswa kukuruhusu pale nje. Nilikuwa na hasira. Lakini ukishajua, umejua. Nitakupa ya kawaida ya kukufikisha zahanati. Inashusha presha. Imeze, usikae hata siku moja bila kuimeza."

"Basi piga hiyo kura tena."

"Haipigwi mara mbili, mama."

Syombua alitoka hadi kwenye korido na vidonge vyake vimefungwa kwenye karatasi. Nereah, aliyeruhusiwa kuingia kwa zamu yake, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa muuguzi akingoja kuitwa. Nje, upande wa pili wa geti, kelele zilikuwa hazijapungua. Syombua alikaa karibu naye, jambo ambalo Nereah hakulitarajia; Nereah akasogea kidogo.

"Mama Marvin," Syombua akasema kwa sauti ya chini. "Ukiingia, uliza yako. Wakisikia na wewe uko na hiyo ya kipokezi, wataona si Wakamba. Wataniacha."

"Na nikiwa na ile ingine?"

"Waulize wengine pia. Hata mmoja wa kwenu akipatikana nayo, wataona ilikuwa bahati tu."

"Waulize, watupwe nje kama wewe?"

"Wataniua huko njiani. Wewe unanijua. Unajua mimi siibi."

Nereah alimtazama usoni kama jirani. Alimjua kweli. Alijua mdomo wake, chumvi yake, kukoroma kwake kupitia mabati, na alijua kwamba mwanamke huyu hajawahi kumpunja mtu hata punje.

"Najua," akasema. "Lakini mimi pia naogopa kuanguka. Yangu nitameza bila kujua."

Muuguzi alimwita. Nereah aliinuka, akakaza pini ya sketi, akaingia na kuufunga mlango. Kule getini walikuwa wameanza kuliimba jina la Syombua pamoja na neno mwizi, na njia ya kwenda Gatina ilikuwa ni hiyo moja tu.